Kijana mhandisi, fukua visima vya Isaka

Ndugu msomaji, leo nina neno na kijana aliyehitimu uhandisi wa maji na anasubiri kupangiwa kituo. Pengine ni wewe. Pengine ni mwanao mliyekaa naye benchi moja kanisani asubuhi hii.

Huenda utapangiwa Katoro, mkoani Geita, mji uliokua haraka kwa dhahabu na biashara. Wenzako watakuambia pesa iko machimboni. Usiwabishie. Lakini kumbuka kwamba anayeichimba dhahabu na anayeinunua wote hurudi nyumbani na kiu.

Soma Mwanzo 26. Isaka alikuta visima vya baba yake Ibrahimu vimefukiwa na Wafilisti. Alivifukua, akavirudishia majina yaleyale aliyovipa baba yake. Hakuona haya kuendeleza kazi ya mwingine.

Basi usidharau ukarabati. Tangu RUWASA ianze kazi mwaka 2019, miradi mingi ya vijijini huendeshwa na jumuiya za watumia maji. Mara nyingi mradi hufa baada ya utepe kukatwa: pampu imeungua, spea hakuna, fedha za ndoo hazina hesabu. Kabla ya kuchora mradi mpya, kaa na fundi wa kijiji na mweka hazina wa jumuiya. Wanajua mengi ambayo hukufundishwa darasani.

Pili, sema kweli kuhusu maji. Ukanda wa dhahabu una miamba yenye aseniki, na wachimbaji wadogo hutumia zebaki. Aseniki ndani ya maji haina rangi, harufu wala ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 0.01 kwa lita. Mama mwenye ndoo hawezi kuipima. Anategemea saini yako. Kipimo kikizidi, andika kilichoonekana, hata kama mkandarasi ana haraka ya kukabidhi mradi na bahasha iko mezani.

Sitakudanganya kwamba uaminifu hauna gharama. Unaweza kupoteza mkataba. Isaka naye aliviacha Eseki na Sitna, visima ambavyo watumishi wake walivitolea jasho, kabla ya kufika Rehobothi, mahali pa nafasi.

Nasi wazazi na makanisa tuna sehemu yetu. Tukimdai kijana nyumba ya bati na mchango mnono katika mwaka wake wa kwanza kazini, bila kuuliza fedha itatoka wapi, tunamsukuma kwenye ile bahasha. Tumwombee, na tumpe muda.

Yesu alisema hata kikombe cha maji baridi hakikosi thawabu (Mathayo 10:42). Mhandisi, hakikisha kikombe unachowapa watu wa Katoro ni kile ambacho ungempa mwanao anywe.

Jumapili njema.