Kinachozivuta Kampuni za Ndege Zisizo na Rubani

KANDO YA LUALABA
Na Ilunga Ngoy

Mwuguzi anayetoka Kinkondja alfajiri kwenda kuchanja watoto wa vijiji vya Ziwa Kisale hupakata kisanduku cha barafu ndani ya mtumbwi, na katika kisanduku hicho mna vichupa vyenye alama ya duara na mraba mweupe katikati yake. Joto likizidi, mraba ule hugeuka rangi pole pole, na ukishalingana na duara kwa weusi, chanjo haifai tena ila kutupwa. Mafunjo yaeleayo juu ya Kisale hayatulii mahali pamoja, kwa maana upepo huyasukuma usiku kucha, na mlango wa maji uliokuwa wazi jana huonekana umezibwa leo, hata mtumbwi ukalazimika kuzunguka mbali juani ilhali kijiji kinachotafutwa kipo ng'ambo tu, moshi wa samaki wake ukionekana kwa macho.

Kwa sababu ya hali hiyo nimewasikia watu wenye nia njema, Kamina na hapa kwetu, wakisema kwamba mkoa wetu wa Haut-Lomami, hapa Kongo, una kila sifa ya kuzivutia kampuni za droni, maadam njia zake ni mbovu, maji yake ni mapana na mbingu zake ni tupu. Natamani kauli hiyo ingekuwa sahihi, lakini mambo yaliyokwisha tokea kwa jirani zetu yanaikanusha. Lau ubovu wa njia ungetosha kuwa kivutio, Kinkondja ingalikuwa na kituo cha ndege hizo zamani sana. Kampuni hutua mahali ambapo shida ya watu imekwisha kupata sheria ya kuiruhusu na mkono wa kuilipia, na pasipo mambo hayo mawili shida hubaki kuwa shida.

Tazama Rwanda, nchi ambayo barabara zake zinazishinda zetu mbali sana. Mwezi wa Oktoba 2016 kampuni ya Zipline, iliyozaliwa California, ilifungua kituo chake cha kwanza huko Muhanga, ikaanza kupeleka damu hospitalini. Kwa nini isianzie kwao, penye mali na mafundi? Kwa sababu kanuni za Marekani zilizoanza kutumika Agosti mwaka ule zilimtaka mwendeshaji asiiache ndege yake itoke machoni pake ila kwa ruhusa makhsusi, na biashara ya Zipline ilikuwa yote ni ya kuipeleka ndege mahali asipoiona mtu aliyeirusha. Serikali ya Rwanda ilitoa kanuni zake za droni mwaka huo huo, ikazitengeneza upya mwaka 2018, na kubwa zaidi, ilijifunga kwa mkataba kuinunua huduma yenyewe. Hapo ndipo ilipopatikana kazi ya kila siku: ndege hurushwa kwa manati, huenda kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa hivi, hudondosha kifurushi cha damu kikining'inia chini ya mwavuli wa karatasi, kisha hurudi na kunaswa mkia kwa kamba iliyotandwa hewani. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet Global Health mwaka 2022 ulionyesha kwamba damu iliyokuwa ikiharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67, maana hospitali haikulazimika tena kujilimbikizia akiba kwa hofu ya kuchelewa.

Nchi nyingine zilifuata njia zao. Malawi, kwa auni ya UNICEF, ilitenga anga huko Kasungu mwezi Juni 2017 kwa ajili ya majaribio, ikatangaza mipaka yake ili kila mwenye chombo ajue aendako, na mwaka 2020 ikafungua Lilongwe chuo cha kuwafundisha vijana ufundi huo. Zanzibar tangu 2016 iliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu chake cha Taifa kupiga picha za Unguja na Pemba kutoka angani ili kuchora ramani ya visiwa, na maarifa yale yakabaki mikononi mwa wenyeji. Lakini ni Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, ndiko kunakonifikirisha zaidi, kwa kuwa ziwa lao na letu yana tabia zinazofanana. Mwaka 2018 kampuni za DHL na Wingcopter pamoja na shirika la Kijerumani la GIZ walipeleka dawa kutoka bara hadi kisiwa cha Ukerewe, masafa ya kilomita 60, kwa muda wa dakika 40. Chombo kilifanya kazi yake vyema kabisa. Lakini yalikuwa majaribio, na majaribio hulipiwa na mfadhili, naye mfadhili ana siku yake ya kuondoka.

Hata katika nchi yetu jambo hili si geni. Mwaka 2019, katika mkoa wa Équateur, Wizara ya Afya pamoja na shirika la VillageReach na kampuni ya Swoop Aero ya Australia walivusha chanjo juu ya mito na misitu kutoka Mbandaka. Kwa hiyo hoja ya kwamba Kongo haiwezekani imekwisha kufa, na linalobaki ni kuuliza kwa nini isiwe Haut-Lomami, mkoa ambao mwaka 2017 ulipatwa na mlipuko wa polio itokanayo na virusi vya chanjo, maradhi ambayo hushika mahali ambapo watoto wengi wameachwa bila kuchanjwa.

Jawabu langu la kwanza ni kwamba mbingu zetu si tupu kama tunavyodhani. Kamina ina kambi kubwa ya ndege iliyojengwa na Wabelgiji baada ya Vita Vikuu vya Pili, nayo ni ya jeshi hata leo. Fauka ya hayo, Wakongo wengi waliijua droni kwanza kwa vita: Desemba 2013 MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, ilirusha kutoka Goma ndege za upelelezi zisizo na silaha, na miaka hii ya karibuni vita vya Kivu vimeleta zile zenye kubeba mabomu. Mtu aliyekimbia Kivu akisikia mvumo juu ya kichwa chake haulizi kama ni chanjo, na mwenye kampuni anayelijua hilo hawezi kuleta chombo chake mahali ambapo askari, chifu na mvuvi hawajaambiwa lolote. Mkoa hauna amri juu ya anga, amri iko Kinshasa kwenye Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Lakini hakuna kinachomzuia gavana kuwaketisha mamlaka hayo na wakuu wa jeshi meza moja, wachore ushoroba mwembamba wa chini, kutoka Bukama kupitia Kinkondja hadi Malemba-Nkulu, kwa kufuata mto na maziwa, mbali na kambi, na kibali chake kipatikane katika ofisi moja kwa muda unaojulikana.

Jawabu la pili ni mnunuzi, ingawa wako wanaotaka tuanze na msamaha wa kodi. Kampuni isiyo na mnunuzi haina faida ya kusamehewa. Ingefurahi zaidi kama betri na vipuri vyake havingelala forodhani Kasumbalesa majuma kwa majuma. Ingefurahi pia kupata umeme wa uhakika wa kuchajia betri hizo, na hapa nasema kwa uchungu, kwani Lualaba hii hii hutoa umeme huko juu, Nzilo na Nseke, tangu miaka ya 1950, na migodi imeufaidi muda wote huo, ilhali maji yatufikia sisi yakiwa na samaki tu. Jua, hata hivyo, tunalo, na kituo kidogo cha kurushia ndege kinaweza kuendeshwa kwa paneli za sola, zikisaidia wakati huo huo friji ya hospitali. Vijana wetu wanaofungua na kufunga mashine za mitumbwi kila siku hawashindwi kujifunza kubadili bawa, ikiwa Chuo Kikuu cha Kamina kitakubali kuwapokea kwa mafunzo ya miezi michache.

Naliomba basi Bunge la Mkoa, litakapokaa kwa bajeti, liandike fungu moja kwa jina lake dhahiri, usafirishaji wa chanjo na damu katika Ziwa Kisale, pamoja na kiasi chake, na kulithibitisha kwa miaka mitatu mfululizo. Fungu la mwaka mmoja halitamleta mtu, kwa maana mwaka wa kwanza huishia katika kupima upepo, kuwazoeza wanavijiji na kujenga kituo, na mwenye akili hajengi kituo akiwa hajui nani atamlipa mwaka wa pili.