Bunduki si mila: mafundisho njo mila

Kila mara tukigusa mambo ya bunduki hapa Sanga, hakukosi mutu wa kusema: «Muache, ni mila ya bankambo.» Tunakataa. Mbidi Kiluwe, mwindaji mukubwa wa masimulizi yetu ya Kiluba, alikamata upinde. Bunduki zilienea kwetu nyuma sana, katika karne ya 19, pamoja na wafanya biashara ya pembe za tembo na watumwa. Mila ni ile adabu iliyoandamana na upinde, na hiyo njo tunapoteza.

Muangalie kisimamio cha upinde cha wafalme wetu, nsakakabemba. Upinde ulikuwa na mahali pake pa siri, na mulinzi wake. Leo pupu inaegemezwa nyuma ya mlango, baruti ndani, watoto wanacheza pale pale. Hiyo ni mila ya nani?

Tena baba anamupa kijana bunduki na kumuambia tu: «Kamata, enda utafute nyama.» Wengine wanaongeza dawa ya kuzuia risasi. Lakini dawa haizuii bomba la chuma kupasuka mutu akitia baruti mara mbili.

Mafundisho yenyewe si ya uchawi. Kila bunduki uihesabu kuwa imejaa, mpaka wewe mwenyewe uhakikishe. Mdomo wake usimuelekee mutu, hata kwa mchezo. Kidole kikae mbali na gashete mpaka umuone mnyama muzima: majani yakitikisika, pengine ni mama anayetafuta kuni. Tazama na nyuma ya mnyama, zaidi wakati wa kiangazi, majani yanapochomwa na wenzako wanasimama upande wa pili. Kwa pupu, fataki isiwekwe mpaka saa ya kupiga. Ikikataa kulia, ngoja, mdomo ukielekea pasipo watu, usiichungulie. Kwa kalibre 12, toa kartushi kabla ya kuvuka mto na kabla ya kuingia kijijini.

Wasomi wenzetu watajibu: sheria iko. Kweli, ile ya 28 Mai 1982 inataka kibali cha kuwinda, na ile ya 3 Septemba 1985 inataka kibali cha silaha. Tuifuate. Lakini karatasi haifundishi mkono. Na kijana asiye na karatasi anajifunza kwa kujificha, usiku, bila mwalimu.

Kwa hiyo tunawaambia wakubwa wetu: kijana abebe kwanza bunduki tupu, kiangazi kizima, nyuma ya mwindaji anayejua. Akiielekeza kwa mwenzake hata mara moja, arudi nyumbani. Watu watasema ni haya. Hapana. Haya ni kuleta mwili wa ndugu kijijini na kusema: «Nilifikiri ni nguruwe wa pori.»