Kocha akipandwa na hasira, timu inamfuata

Tarehe 21 Januari 2024, kule San-Pédro kwenye CAN, Léopards walitoka sare ya 1-1 na Morocco. Mpira ulipoisha, kocha Walid Regragui alimshika mkono nahodha wetu Chancel Mbemba na hakuuachia. Maneno yakaanza, kisha wachezaji na wasaidizi wa pande zote mbili wakasukumana uwanjani. CAF ilimsimamisha Regragui, ingawa adhabu ilifutwa kwenye rufaa.

Siku 7 baadaye, kwenye uwanja uleule, vijana wa Sébastien Desabre waliitoa Misri kwa penalti 8-7. Ya mwisho ilipigwa na kipa, Lionel Mpasi. Penalti namna hiyo haipigwi na mtu ambaye kocha wake amekuwa akimfokea jioni nzima.

Sasa tuangalie viwanja vyetu vya mashariki. Kocha anaingia uwanjani, anamnyooshea mwamuzi kidole. Wachezaji wanamzunguka mwamuzi, na mashabiki wanaokota mawe. Kesho yake viongozi wa timu wanalaumu vijana.

Sheria zipo. Tangu 2019 mwamuzi anaweza kumuonyesha kocha kadi, na ikiwa aliyekosa kwenye benchi hajulikani, kocha mkuu ndiye anaipokea. Waamuzi wetu waitumie, na viongozi wa ligi wawalinde wanapoitumia. Mpaka leo anayekosa mechi ni kijana wa miaka 19, na aliyemchochea anarudi kwenye benchi Jumapili inayofuata.