Kabla ya Kuchagua Darasa la Awali, Tudai Ushahidi

Ndugu wazazi, walimu na wajumbe wa kamati za shule wa Bukoba na Muleba,

Kagera imechunguzwa na watafiti kuliko mikoa mingi ya Afrika. Kati ya 1991 na 1994 walihoji kaya zaidi ya 900 vijijini na mijini. Mwaka 2004 na 2010 walirudi kuwatafuta watu walewale, hata waliokwisha kuhamia Mwanza au Uganda. Majibu yetu yameonyesha, pamoja na mengine, kwamba mtoto aliyekosa lishe bora kabla ya umri wa shule huchelewa kuanza masomo na huishia madarasa ya chini kuliko wenzake.

Sisi tuliotoa majibu hayo bado tunachagua darasa la awali kwa kutazama basi la njano, sare na mtoto anayeimba herufi za Kiingereza.

Tusidhani pia kwamba pesa itamaliza kazi. Utafiti wa KiuFunza, uliofanywa katika shule 350 za msingi nchini kuanzia 2013, uligundua kuwa ruzuku kwa shule peke yake haikuinua alama za watoto. Ruzuku ilipoambatana na motisha kwa walimu kulingana na matokeo, alama zilipanda. Hilo lilijulikana kwa sababu kulikuwa na shule za kulinganishia ambazo hazikupewa chochote.

Kwa hiyo, yeyote anayetuletea vitabu, mafunzo au mradi wa awali aulizwe: ulijaribiwa wapi? Watoto walilinganishwa na kina nani? Aliyepima ni nani: mtu huru au muuzaji mwenyewe?

Nasi twende darasani tukakae nusu saa. Tuangalie ni wangapi wanahesabu kwa kushika vizibo na maharagwe, na wangapi wanaitikia tu "moja, mbili, tatu" huku macho yakiwa dirishani. Tuhesabu watoto: mtaala unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Tuulize uji unapikwa saa ngapi, maana hakuna mbinu ya kufundisha inayomshibisha mtoto.

Kamati za shule ziweke maswali haya kwenye ajenda kabla ya uandikishaji wa Januari, na majibu yasomwe hadharani katika mkutano wa kijiji au mtaa. Madiwani wayapeleke halmashauri. Mradi usio na majibu usipewe darasa, hata ukija na zawadi.