Tusilaumu Swichi, Tutafute Kiini

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami leo, ndugu msomaji, nimeshika kalamu kuzungumzia ufa mdogo mno, hata pengine wengine watacheka: swichi ya pikipiki, pale tunapotia ufunguo tukitaka kuwasha. Shika njia kutoka Kitale hadi Bungoma, upite Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye mpaka ufike Kanduyi. Ni nadra kupita kituo cha boda usimwone mtu ameinama mbele ya usukani akichokora waya. Mwulize kuna nini. Atakujibu, "Si hii swichi tena!" Neno ninaloomba tulitazame ni hilo la mwisho: tena. Kwa nini kitu kilichonunuliwa juzi kife leo, kinunuliwe kingine, nacho kife vivyo hivyo?

Maoni yangu ni haya. Swichi nyingi hazifi kifo chao, zinauawa. Na kubadilisha swichi bila kumtafuta muuaji ni kuteka maji kwa pakacha.

Tafadhali msiseme jambo hili halituhusu sisi wanafunzi. Wengi wetu tunasomeshwa na tandiko la pikipiki. Kaka yangu mkubwa hubeba abiria kati ya Kitale na Kiminini. Katika muhula mmoja tu alinunua swichi tatu. Kila moja ilipokufa ilimlaza kituoni nusu siku bila kazi, na siku ya boda isipoleta kitu, karo haiji. Ya tatu ilikata usiku, akiwa amembeba mama mjamzito kuelekea hospitali. Injini kimya, taa zikafuata, na nyuma yao lori lilikuwa linakuja kwa kasi. Bahati alikuwa karibu na ukingo, akavuta pembeni. Mama yule alimalizia safari kwa pikipiki ya mtu mwingine. Kesho yake kaka aliirudisha swichi dukani. Akaambiwa ati bidhaa ikishatoka nje ya mlango hairudi. Jameni, hiyo ni haki?

Hebu kwanza tuelewe swichi hufanya kazi gani. Katika pikipiki nyingi ndogo za kazi, ndani ya swichi mna kazi mbili. Ya kwanza ni kupitisha umeme wa betri uende kwenye honi, indiketa na stata. Ya pili ni kuzima injini: ukifunga ufunguo, waya mmoja unaunganishwa na mwili wa pikipiki na cheche ya plagi inakufa. Ukifungua, waya ule unaachwa huru. Kwa hiyo, ikiwa pikipiki inawaka kwa kiki lakini honi na stata ni bubu, shuku upande wa betri: fyuzi, waya au vyuma vya swichi vilivyoungua. Ikiwa honi inalia vizuri lakini injini haitoi cheche, chomoa plagi ya waya za swichi chini ya usukani, kisha ujaribu kiki. Cheche ikirudi, basi tatizo li kwenye swichi au waya zake. Isiporudi, swichi unaionea bure. Ziko pikipiki nyingine ambazo cheche yenyewe hutegemea betri, na hizo hazipimwi hivyo, kwa hiyo ni lazima fundi aijue pikipiki aliyoishika. Lakini mara ngapi tumeona makanika akipima? Wengi huanza na neno moja tu: "Nunua ingine, bosi."

Sasa wauaji wenyewe. Wa kwanza ni maji. Kwetu Kitale, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mvua huanza Machi au Aprili na kuendelea miezi mingi. Maji huingia kwenye tundu la ufunguo, vyuma vikashika kutu. Kisha sisi wenyewe huongeza kwa kuosha pikipiki kwa mpira wa maji ya nguvu tukiulenga usukani. Kiangazi nacho huleta vumbi, na anayemimina oili chafu tunduni ili ufunguo uteleze huwa anatengeneza ugali wa vumbi na oili humo ndani.

Muuaji wa pili ni waya za shingoni. Kila unapokata kona, waya zinazotoka kwenye swichi hupindwa. Baada ya maelfu ya kona shaba hukatika ndani, huku plastiki ya nje ikibaki nzima kama haijaguswa. Njia ya kujua ni rahisi: bonyeza honi huku ukizungusha usukani kushoto na kulia. Sauti ikikatika katika kuzungusha, kikulacho ki nguoni mwako. Ni waya huo, wala si swichi.

Wa tatu ni mzigo wa umeme. Vijana wetu hupenda kupamba: taa za ziada, redio, honi ya kutisha ng'ombe, chaja ya simu, vyote vimeunganishwa kwenye waya mmoja wa swichi. Hapa ndipo fizikia ya darasani inapotufaa. Taa mbili za wati 35 kila moja ni wati 70. Gawanya kwa volti 12, utapata karibu ampea 6, nje ya mzigo wa kawaida. Na tumefunzwa kwamba mkondo ukiongezeka mara mbili, joto kwenye kiungo kibovu huongezeka mara nne. Vyuma vile vidogo vitaacha kuungua kwa nini? Dawa yake ni rilei, yaani swichi inayowashwa na swichi. Mzigo mzito hupita kwenye rilei na fyuzi yake, na swichi ya ufunguo hubaki kupitisha chini ya nusu ampea.

Wa nne atawashangaza: ni furushi la funguo. Ufunguo wa pikipiki, wa nyumba, wa kufuli mbili na kopo la kufungulia soda, vyote vinaning'inia na kutikisika kwenye mashimo ya barabara siku nzima. Msidhani ninabuni. Mwaka wa 2014 kampuni ya magari ya General Motors ya Marekani iliyaita tena magari madogo yapatayo milioni 2.6 kwa sababu swichi zake zilikuwa legevu. Funguo nzito au mtikisiko uliweza kuizungusha swichi gari likiwa mbioni. Injini ikazima na mifuko ya hewa ya kuwakinga abiria isifunguke. Hazina ya fidia iliyofunguliwa na kampuni hiyo ilikubali madai ya vifo 124. Ndani ya kampuni walikuwako waliojua habari ya swichi hizo kwa miaka mingi kabla ya hapo. Mwaka wa 2015 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 900 kumaliza kesi ya jinai. Swichi ndogo hivyo! Nani tena atasema ni jambo la kuchekwa?

Wapo watakaonipinga. Watasema, "Mbona tuhangaike? Piga dairekti, maisha yaendelee." Ninajua waya zikiunganishwa moja kwa moja pikipiki itawaka. Lakini itawaka pia kwa mwizi. Na pale ambapo fyuzi imeondolewa ikawekwa kipande cha waya, umeme ukipotea njia hakuna wa kuuzuia, na tangi la petroli liko papo hapo juu. Dairekti iwe ya kukufikisha nyumbani, isiwe ndoa.

Wengine watasema mtu wa boda hana pesa za swichi halisi. Hoja hii naiheshimu, maana umaskini si utani. Hata hivyo kaka yangu alinunua za bei ya chini tatu, na jumla yake ilipita bei ya moja nzuri, bila kuhesabu siku zilizopotea. Rahisi mara nyingi ndiyo ghali.

Basi tufanyeje? Waendeshaji wafunike tundu la ufunguo kwa kipande cha tyubu, wabebe ufunguo mmoja tu, na wasilipie swichi kabla makanika hajapima. Wauzaji nao wakumbuke Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya mwaka wa 2010: mnunuzi ana haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari, na haki ya fidia akipata hasara kwa kasoro ya bidhaa. Tudai risiti, na tutazame alama ya Shirika la Viwango. Bila risiti, haki hiyo utaidai kwa mdomo mtupu.

Walimu wetu wa fizikia nao nawaomba, kwa heshima zote, waturuhusu kuleta swichi zilizokufa maabarani tuzifungue. Nasi wanachama wa chama cha Kiswahili tuwaandikie waendeshaji ukurasa mmoja wa hatua za kupima, kwa lugha wanayoielewa, tuubandike vituoni. Elimu inayobaki ubaoni wakati kaka zetu wanasukuma pikipiki usiku ina faida gani?

Kwa hayo machache naweka kalamu chini. Mwenye maoni tofauti na ajibu katika toleo lijalo. Lakini kabla ya kujibu, apunguze kwanza funguo zake.