Mkulima wa Ufipa asipokuwa na kitambulisho, fedha zake huingia akaunti ya nani?

MSIMU wa mahindi unapofika katika uwanda wa Ufipa, mnunuzi mkubwa huuliza mambo matatu: una gunia ngapi, mzigo umekauka kiasi gani, na akaunti yako iko benki ipi. Maswali mawili ya kwanza, mkulima wa Laela, Mpui, Kaengesa au Matai huyajibu bila wasiwasi. La tatu ndilo linalowakwamisha wengi. Mmoja atataja akaunti ya shemeji, mwingine ya mtoto aliyeko Sumbawanga mjini, na mwingine ataamua kurudisha mzigo nyumbani amsubiri mlanguzi mwenye fedha taslimu.

Ukimuuliza kwa nini hana akaunti, mara nyingi jibu ni kwamba alikwenda benki, akadaiwa kitambulisho chenye picha, naye hakuwa nacho. Wapo wanaolichukulia jambo hili kama usumbufu mdogo wa makaratasi. Katika makala hii nataka kuonyesha kwamba ni suala la bei ya mazao na la usalama wa fedha za mkulima, na kwamba njia ya kulitatua ipo karibu kuliko wengi wanavyodhani.

Hasara yake kwa hesabu

Tuchukue mfano wa mama mwenye debe 120 za mahindi, yaani gunia 20 za debe sita kila moja. Tuseme mnunuzi anayelipa kwa benki anatoa shilingi 60,000 kwa gunia lililopimwa kwa haki, na mlanguzi anayelipa taslimu mlangoni anatoa shilingi 52,000 kwa gunia la lumbesa lenye debe saba. Bei hizi ni za mfano tu, lakini mkulima yeyote wa Rukwa anaifahamu tofauti ya namna hii.

Kwa mnunuzi wa kwanza mama huyu atapata shilingi 1,200,000. Kwa mlanguzi, debe zake 120 zitajaza lumbesa 17 na kubaki debe moja. Mara 52,000, atapata shilingi 884,000. Tofauti ni shilingi 316,000. Katika msimu wa 2022/23, ambapo mfuko wa kilo 50 wa urea ya ruzuku uliuzwa shilingi 70,000, fedha hizo zingetosha kununua mifuko minne na chenji ikabaki.

Si haki kusema kwamba hasara yote hiyo inatokana na kukosa akaunti. Umbali wa barabara, shida ya ada za shule na ukosefu wa ghala navyo vinachangia. Lakini mkulima asiye na akaunti ameshafungiwa mlango mmoja kabla hata hajaanza kupatana bei.

Hatari ya akaunti ya mwenzako

Wengi hukimbilia akaunti ya ndugu. Kwa nje inaonekana kama msaada, lakini kisheria fedha zilizomo katika akaunti ni za mwenye jina. Akiwa na mkopo uliochelewa, benki inaweza kukata rejesho humo humo. Akifariki dunia, akaunti husimamishwa hadi mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na mkulima atalazimika kuithibitishia familia iliyo msibani kwamba mahindi yalikuwa yake. Wanawake ndio wanaoumia zaidi. Mke ambaye mauzo yake ya maharage huingia akaunti ya mume hana ushahidi wowote wa kazi yake siku ndoa ikivunjika.

Isitoshe, mkulima huyo hajengi historia. Julai 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza unafuu kwa benki zinazokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Ofisa mikopo anapotaka kujua mkopaji anaweza kulipa, hutazama fedha zilizopita katika akaunti yake. Anayeuza kupitia akaunti ya shemeji anamjengea shemeji sifa ya kukopa.

Mwaka 2018 taifa zima lilipata somo. Novemba mwaka huo Serikali ilitangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo yakapitia akaunti za benki baada ya uhakiki wa wakulima. Huko kusini ilibidi kila mkulima ajulikane kwa jina, shamba na akaunti. Stakabadhi za ghala, ruzuku na ununuzi wa taasisi vinaelekea huko huko, na nafaka za Rukwa hazitabaki nyuma.

Kwa nini benki hudai picha?

Tusiwalaumu makarani wa benki bila kuelewa wanachokiogopa. Zamani mwanakijiji asiyekuwa na hati ya kusafiria wala leseni ya udereva hakuwa na kitambulisho chochote chenye picha. Alikwenda benki na barua ya serikali ya kijiji iliyobandikwa picha ndogo na kugongwa muhuri juu yake, na pengine mtu mwenye akaunti wa kumdhamini. Kadi ya mpiga kura yenye picha iliwafikia wananchi wengi vijijini kwa mara ya kwanza kupitia Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, kabla ya uchaguzi wa 2005.

Mwaka 2006 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuzuia Utakasishaji wa Fedha Haramu. Tangu hapo benki inawajibika kumjua mteja wake kwa nyaraka zinazoaminika, na ikizembea inaadhibiwa yenyewe. Shinikizo liliongezeka Oktoba 2022, Tanzania ilipowekwa katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na fedha haramu. Nchi iliondolewa katika orodha hiyo Juni 2025. Katika mazingira hayo, karani anayeona barua ya kijiji ambayo muhuri wake hawezi kuuhakiki huona afadhali kumrudisha mteja kuliko kuhatarisha ajira yake.

Namba bila kadi

Hata hivyo, mambo yamebadilika kwa namna ambayo wakulima wengi hawajaitambua. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, iliundwa mwaka 2008. Katika usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulioanza Mei 2019 na kuhitimishwa Januari 20, 2020, mamilioni ya Watanzania walikuwa na namba ya utambulisho lakini kadi zao hazijachapishwa. Laini zilisajiliwa kwa namba hiyo na kidole, bila kadi mkononi.

Benki nazo zimefuata njia hiyo. Mteja anataja namba yake yenye tarakimu 20, anaweka kidole kwenye mashine, na taarifa zake pamoja na picha aliyopigwa siku ya kujiandikisha zinatoka katika hifadhi ya NIDA. Benki kubwa zinafungua akaunti za namna hii hata kupitia kwa mawakala, baadhi kwa kianzio cha shilingi 1,000 tu. Kwa hiyo, anayesema "sina kitambulisho cha picha, nasubiri kadi" huenda anasubiri kitu asichokihitaji. Kama namba anayo, picha yake tayari ipo.

Wanaobaki nje

Tatizo halisi ni la yule asiye na kadi wala namba. Kwa uzoefu wangu wa kuzungumza na wakulima wa ukanda huu, yapo makundi manne.

Kwanza ni wazee ambao hawakuwahi kupata cheti cha kuzaliwa. Pili ni wenye majina yanayopishana: kanisani ni Yohana, shuleni ni John, kwenye kadi ya kura limeongezwa jina la babu. Mashine haijui kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Tatu ni wakazi wa vijiji vya mpakani wilayani Kalambo, ambako ukoo mmoja una watu Tanzania na Zambia, na maswali ya uraia huwa mengi na ya haki, lakini huchukua muda. Nne ni wale ambao jembe limefuta mistari ya vidole, kiasi kwamba mashine haiwasomi.

Kundi hili halina hata laini ya simu yenye jina lao. Linatumia laini ya mtoto, na hivyo hata fedha za simu, ambazo wengi huzitaja kama mbadala wa benki, zinarudi kwenye tatizo lile lile la mali kukaa kwa jina la mtu mwingine.

Wenzetu India walifanyaje?

India ilikabiliwa na tatizo hili kwa watu wengi kuliko sisi. Mwaka 2010 kanuni zao ziliruhusu "akaunti ndogo" kwa mtu asiye na hati yoyote. Mteja anapeleka picha yake na kuweka sahihi au dole gumba mbele ya ofisa wa benki. Kwa kuwa hajathibitishwa, akaunti inawekewa mipaka: salio lisizidi rupia 50,000, fedha zinazoingia zisizidi rupia 100,000 kwa mwaka, na zinazotoka zisizidi rupia 10,000 kwa mwezi. Akaunti hudumu miezi 12, na huongezwa miezi mingine 12 ikiwa mteja ataonyesha kwamba ameshaomba kitambulisho.

Mantiki yake ni rahisi. Mtakasishaji wa fedha haramu hana haja na akaunti yenye mipaka midogo kiasi hicho, lakini mkulima wa gunia 20 inamtosha kuanzia. Na kwa kuwa ina ukomo wa muda, inamsukuma akamilishe usajili. Hata FATF yenyewe inakubali masharti mepesi pale hatari inapokuwa ndogo.

Hapa kwetu mpango kama huo ungeweza kuegemea kijiji. Katika mpango wa vocha za pembejeo ulioanza msimu wa 2008/09, kamati za vijiji ndizo zilizoteua kaya za kunufaika. Palikuwa na malalamiko ya upendeleo na vocha kuuzwa, na somo lake ni kwamba neno la kiongozi mmoja halitoshi. Kama barua ya utambulisho ingesainiwa na mtendaji, mwenyekiti wa kitongoji na majirani wawili, na nakala yake ikabaki halmashauri ambako benki inaweza kuihakiki, udanganyifu ungekuwa mgumu zaidi.

Mkulima afanye nini sasa?

Wakati tukisubiri sera, yapo mambo ya kufanya kabla ya mavuno yajayo.

Asiyejua kama ana namba aanze kwa kuulizia ofisi ya NIDA ya wilaya. Wapo waliojiandikisha miaka iliyopita wakasahau, na namba zao zipo. Asiyejiandikisha achukue fomu, aipitishe kwa mtendaji wa kijiji, na aambatanishe hati alizonazo kama cheti cha shule au kadi ya kura. Usajili wa mara ya kwanza ni bure; anayedai malipo anakuibia. Asiye na cheti cha kuzaliwa aende RITA kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya, na cheti cha ubatizo humsaidia kama ushahidi. Kazi hii ifanyike kipindi cha kiangazi baada ya kuvuna, kwa sababu mvua zikianza Novemba hakuna mwenye siku za kupoteza mjini.

Majina yanayopishana yarekebishwe kwanza, kabla ya kufungua akaunti. Ambaye kidole chake hakisomeki asikubali kuondoka kwa jibu la "mashine imekataa". Ajaribu vidole vingine, na aombe aelezwe njia nyingine ya uhakiki.

Ambaye bado amekwama ajiunge na kikundi au SACCOS iliyosajiliwa. Akaunti ya kikundi hudai vitambulisho vya watia sahihi, huku mwanachama akiandikwa katika daftari la kikundi kwa jina lake. Hakikisha unapewa kitabu chako na kila mauzo yanaandikwa. Na kama hapana budi kutumia akaunti ya ndugu, andikianeni mbele ya mashahidi wawili kiasi kilichoingia, tarehe na gunia zilizouzwa. Karatasi hiyo haizuii benki kukata deni, lakini itakusaidia mbele ya baraza au mahakama.

Kwa upande wao, benki zenye matawi Sumbawanga zingefanya vyema kutoka na mashine zao pamoja na NIDA na RITA, zikae siku mbili katika kila kituo cha kununulia mazao kabla msimu haujafunguliwa. Mkulima wa Namanyere akilazimika kwenda mjini mara tatu, nauli na chakula vinaweza kumeza faida ya gunia moja au mawili. Wakala wa benki aliyepo kijijini hawezi kumsaidia kama namba haijapatikana.

Barabara ya lami ya takriban kilomita 220 kutoka Tunduma hadi Sumbawanga imeyafanya mahindi ya Ufipa yafike sokoni kwa urahisi kuliko zamani. Mzigo sasa unafika. Kilichobaki ni kuhakikisha fedha zinaporudi, zinafika kwa jina la yule aliyelima.