Mbuzi Mzee Anayekula Kuni

Ukifika Lodwar utaletewa sahani ya nyama ya mbuzi. Huenda kipande cha kwanza kikalainika mdomoni, cha pili kikakushinda kabisa. Usimlaumu mpishi kabla hujaijua nyama yenyewe.

Msuli ni mafungu ya nyuzi. Kila uzi umevikwa utando mwembamba mno uitwao endomisiamu. Fungu la nyuzi hufungwa kwa utando mzito zaidi, perimisiamu. Hiyo ndiyo mistari myeupe unayoiona ukikata mnofu. Kisha msuli mzima hufunikwa kwa epimisiamu. Tando hizi huendelea hadi kwenye kano zinazoshika mfupa. Ndizo zinazopitisha nguvu za msuli, mbuzi akapiga hatua. Hata miguu yako imeundwa hivyo.

Uimara wa tando hutokana na protini iitwayo kolajeni. Misuli ya kazi nzito, kama ile ya miguu na shingo, huwa nayo nyingi kuliko sarara. Mnyama akizeeka, kolajeni yake hufungamana zaidi, na jiko huhitaji muda mrefu kuifungua.

Je, jambo hili lina uzito gani? Waulize akina mama wa Kakuma, mji ulio kaskazini-magharibi mwa Lodwar, penye kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1992. Huko kuni ni haba, kwa mkimbizi na kwa mwenyeji vilevile. Anayechochea moto mkali ili nyama iive upesi huziunguza bure, kwani maji yakishachemka hayazidi joto hilo. Kinachogeuza kolajeni kuwa jelatini laini ni unyevu, joto la wastani na muda.

Basi hata wewe wa mjini unayehesabu makaa, fanya hivi. Sarara ichome. Nyama ya mguu ikate vipande vidogo, kisu kikipita kukingama na nyuzi, kisha funika sufuria na upunguze moto mara inapochemka. Ule ukano wa manjano wa shingoni utoe mapema. Una elastini, ambayo hailainiki hata ukiichemsha kutwa.

Mchuzi ukipoa na kugandamana, usiumwage ukidhani umeharibika. Hiyo ndiyo jelatini, ushahidi kwamba kuni zako hazikupotea.